Kwa nini dawa inaua mdudu na haimuui mtoto: historia ya seli yenye kiini na isiyo na kiini (Sehemu ya 6)

Tunaendelea na mfululizo wetu. Ya leo ni ndefu, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza.

Kuna swali naulizwa kliniki karibu kila wiki. Mama kapewa chupa ya amoksisilini kwa ajili ya mtoto mwenye nimonia, anaigeuza geuza mkononi, halafu anauliza: "Nesi, kama hii ina nguvu ya kuua wadudu, mbona haimuui mwanangu? Si na yeye ni kiumbe hai kama wao?"

Wengine humcheka. Mimi sicheki, maana kuna watu wenye akili sana waliokaa na swali hilo miaka mingi. Jibu fupi ni kwamba mwanao na bakteria wote wameumbwa kwa seli, lakini seli zao hazikujengwa kwa ramani moja, na dawa inapiga pale zinapotofautiana. Jibu refu ni historia ya karibu miaka 300. Na humo ndani kuna mahali ramani hizo mbili zinakutana, tena kwa njia inayomhusu mama kuliko baba. Tutafika, tulia.

Tuanze London, mwaka 1665. Bwana mmoja aitwaye Robert Hooke alitoa kitabu cha michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini. Alikuwa amekata kipande chembamba cha kizibo cha chupa, kile kinachotokana na gome la mti, akaona kimejaa vijumba vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno la Kiingereza la vyumba vidogo. Neno hilo ndilo sisi tulilolichukua tukasema seli. Na ndilo hilo hilo lililotupa "selo" ya kituo cha polisi! Ila vyumba alivyoviona Hooke vilikuwa vitupu. Wenyewe walishakufa, zimebaki kuta.

Aliyewaona wapangaji wakiwa hai ni mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek. Hakuwa daktari wala msomi wa chuo. Alijisagia lenzi zake mwenyewe, ndogo mno, na mwaka 1676 akaandika barua kwa Royal Society ya London akieleza viumbe vidogo ajabu alivyoviona kwenye maji. Mwaka 1683 akakwangua ukoga wa meno yake, na huyu alikuwa mtu wa kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi, akaona humo viumbe vinaogelea na kuzunguka. Hao walikuwa bakteria. Mtoto anayegoma kupiga mswaki msimulie hii.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua vyumba vya Hooke na wanyama wa Leeuwenhoek vinahusianaje. Mwaka 1831 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, akaeleza kwamba ndani ya seli za maua ya okidi kuna doa moja la mviringo, na linajirudia seli baada ya seli. Hicho ndicho kiini. Halafu lenzi zikawa bora, wakajifunza kupaka rangi, na mwisho wa karne ya 19 seli ikaanza kuonekana kwamba si mfuko wa ute mtupu. Mwaka 1898 Mjerumani Carl Benda aliviita vipunje fulani vyenye umbo la nyuzi mitokondria, na mwaka huo huo Camillo Golgi wa Italia akaeleza ule wavu ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Vifaa hivi vya ndani ya seli, kila kimoja na kazi yake, vinaitwa oganeli.

Waliosoma baiolojia watakumbuka mchoro wa kukariri. Wengine msiogope, fikirieni nyumba ya familia yenye vyumba. Kuna chumba kimefungwa mlango, ndani zimetunzwa nyaraka zote za ukoo: hicho ni kiini, na nyaraka ni DNA. Kuna jiko linalotoa nguvu ya nyumba nzima, ndiyo mitokondria. Kuna mafundi wanaosoma nakala za nyaraka na kutengeneza protini, hao ni ribosomu. Kuna sehemu ya kufungasha mizigo ya kutoka nje, Golgi, na sehemu ya kusaga taka, lisosomu. Seli za mwanao ziko hivyo. Za mbuzi pia, za mchicha pia, hata za uyoga.

Sasa fikiria chumba kimoja cha kupanga. Kitanda, jiko la mkaa, ndoo ya maji, begi la nguo, vyote humo humo, hata pazia la kugawa hakuna. Huyo ndiye bakteria. DNA yake imekaa katikati bila chumba chake. Ribosomu zimetapakaa. Mitokondria hana, nguvu anaitengenezea kwenye utando wake wa nje. Na ni mdogo: wengi urefu wao ni kama milimita moja ukiigawa mara elfu, wakati seli zetu nyingi ni kubwa mara kumi au zaidi. Lakini usimdharau mpangaji wa chumba kimoja. E. coli, yule anayetuletea UTI nyingi, akipata chakula na joto zuri anaweza kugawanyika na kuwa wawili kila dakika 20. Piga hesabu kuanzia mama anapolala mpaka anapoamka.

Tena mpangaji huyu ana kitu ambacho nyumba yetu haina kabisa. Bakteria wengi wana ukuta mgumu wa nje. Shika hapo kwenye ukuta.

Hapa niwape habari ya GV. Ile dawa ya zambarau tunayompaka mtoto mdomoni, inayoharibu kanga zote ndani ya nyumba. Mwaka 1884 daktari kijana wa Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin anatafuta bakteria kwenye vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Tatizo lake lilikuwa kwamba akipaka rangi, mapafu yanashika rangi na bakteria wanashika rangi, hawatofautiki. Akajaribu jensheni violeti, yaani hiyo hiyo GV, akafuatisha na madini joto ya maji yale tunayoita aidini, halafu akasuuza kwa spiriti. Mapafu yakapoteza rangi, na baadhi ya bakteria wakabaki zambarau wameng'ang'ania. Yeye alidhani amepata njia ya kupaka rangi tu. Baadaye sana ikajulikana kwamba wanaobaki zambarau wana ukuta mnene na wanaosuuzika wana ukuta mwembamba uliofunikwa na utando mwingine juu. Hadi leo ukipeleka kipimo cha usaha maabara, jibu linaweza kurudi limeandikwa Gram chanya au Gram hasi, na sisi tunachagua dawa tukiangalia hilo.

Majina ya ramani zenyewe mbili yalichelewa kuja. Mfaransa Édouard Chatton, mtu aliyekuwa akichunguza vimelea, ndiye aliyeyaandika mwaka 1925: prokarioti kwa wasio na kiini, yukarioti kwa wenye kiini. Ni Kigiriki, na "karioni" yao ni kokwa au kiini cha tunda, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa kimeshapatia. Karibu hakuna aliyemsikiliza Chatton. Mpaka mwaka 1962 Roger Stanier na Cornelis van Niel walipoandika makala wakasema tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote miongoni mwa viumbe hai, kubwa kuliko ile ya mnyama na mmea. Yaani wewe na mchicha ni ndugu wa karibu kuliko bakteria na yeyote kati yenu.

Lakini kujua majina si kutibu. Chatton anaandika hayo, wanawake duniani kote bado wanakufa kwa homa ya uzazi, na sisi manesi tunabadilisha mashuka tu.

Ya Alexander Fleming mnayajua, ukungu ulioota kwenye sahani yake London mwaka 1928 ukaua bakteria. Alitangaza mwaka 1929, halafu mambo yakapoa. Mimi napenda zaidi kilichofuata Oxford, maana ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Howard Florey na Ernst Chain walitaka kuitoa dawa ndani ya ule ukungu, na kijana wao Norman Heatley ndiye aliyekuwa fundi. Vita vimeanza, vyombo hakuna. Mnajua ukungu waliuotesha kwenye nini? Kwenye mabedipani. Ndiyo, vile vyombo tunavyowawekea wagonjwa kitandani wajisaidie. Tarehe 25 Mei 1940 wakachukua panya wanane, wote wakapewa bakteria wa kuua. Wanne wakapewa penisilini. Wale wanne wakabaki hai, wengine wakafa, na Heatley alikesha hapo hadi usiku wa manane akiwaangalia.

Februari 1941 wakajaribu kwa askari polisi, Albert Alexander, aliyejaa majipu usoni mpaka jicho moja limetolewa. Baada ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Dawa ikaisha. Walikuwa wakikusanya mkojo wake, wakauchuja kutoa penisilini iliyopita humo, wakamchoma tena hiyo hiyo. Haikutosha. Akafa Machi. Naisimulia hii kwa mama anayekatisha dozi siku ya tatu eti mtoto kachangamka: huyu askari naye alichangamka.

Mwaka uliofuata ni zamu ya mama. Anne Miller, nesi kwa taaluma, wa New Haven huko Marekani, mimba iliharibika akapata mchafuko wa damu. Karibu mwezi mzima hospitalini, joto linapita 41, anaweweseka, walishajaribu kila kitu ikiwemo kumwongezea damu na kumpasua. Machi 14, 1942 akachomwa penisilini, kiasi cha kijiko tu kilichopatikana kwa kubembelezana. Kufikia kesho yake joto limeshuka. Na yeye pia mkojo wake ulitunzwa. Huyo mama aliishi mpaka mwaka 1999, akafa na miaka 90.

Sasa rudi kwenye swali la kliniki. Kwa nini penisilini iliwaua bakteria waliokuwa kwenye damu ya Anne Miller na haikumuua yeye, ilhali imezunguka mwili mzima? Kwa sababu ya ule ukuta. Wakati anatumia dawa hakuna aliyejua. Ilieleweka vizuri miaka ya 1950 na 1960. Bakteria akikua lazima auvunje ukuta kidogo na kuujenga upya, kila wakati. Ana fundi mwashi wake wa kuunganisha matofali. Penisilini inamshika huyo fundi mikono. Ukuta unabaki na nyufa, maji yanaingia, bakteria anapasuka kama puto. Amoksisilini ni ya ukoo huo huo na inafanya vile vile. Seli za mwanao hazina ukuta huo na hazina fundi huyo. Dawa inapita mlangoni, inatafuta wa kumshika, haimkuti. (Mzio wa penisilini ni jambo lingine, upo na ni hatari, tutalizungumza peke yake.)

Ukishaelewa hapo, mengine mengi yanakaa sawa yenyewe. Mafua yanaletwa na virusi, na virusi hana ukuta, hana ribosomu, hana hata chumba. Ni karatasi ya maelekezo ndani ya bahasha, inayoingia kwenye seli zetu na kutumia mafundi wetu. Amoksisilini itamshika nani? Ndiyo maana ile chupa iliyobaki kabatini ya mwezi jana haina kazi kwenye makamasi ya leo. Na tena, ikiingia inawaua bakteria wema wa mdomoni na tumboni, nafasi inabaki wazi, anajaa fangasi. Ule utando mweupe kwenye ulimi wa kichanga ni fangasi, na fangasi ni yukarioti kama sisi, mwenye kiini na mitokondria. Ukuta anao, lakini wa matofali mengine. Kadiri adui anavyofanana na sisi ndivyo dawa ya kumpiga bila kutugusa inavyokuwa ngumu kupatikana. Kimelea wa malaria naye ni yukarioti, ndiyo sababu dawa za malaria zina duka lake na historia yake.

Tuhamie kwa mafundi wa protini. Mwaka 1943 kijana Albert Schatz, kwenye maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, alipata kutoka kwa bakteria wa udongoni dawa iitwayo streptomaisini. Ndiyo dawa ya kwanza ya aina hii iliyoweza kifua kikuu. Hii haigusi ukuta. Inashika ribosomu za bakteria, zikakosea kutengeneza protini. Ribosomu za bakteria ni ndogo kuliko zetu na zimeundwa tofauti, kwa hiyo zetu zinaachwa. Ramani mbili, dawa inajua pa kupiga. Safi.

Sasa mbona baadhi ya wagonjwa walipona kifua wakawa viziwi?

Jibu linapitia kwa mama mwingine, Lynn Margulis, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa analea watoto wadogo huku anaandika. Aliandika makala akisema mitokondria, lile jiko la seli zetu, zamani sana lilikuwa bakteria anayejitegemea. Alimezwa na seli nyingine, hakusagwa, wakakaa pamoja, mwisho akawa mtu wa nyumbani. Wazo lilikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20 na lilichekwa. Makala ya Margulis inasemekana ilikataliwa na majarida kama 15 kabla ya kutoka mwaka 1967. Lakini ushahidi ulikuwa unakuja. Mwaka 1963 Margit Nass na Sylvan Nass walikuwa wameonyesha kwamba mitokondria ina DNA yake yenyewe, nje ya kiini. Ikajulikana pia ina ribosomu zake, na zinafanana zaidi na za bakteria kuliko na hizi zetu nyingine. Leo hilo linafundishwa shuleni kama jambo la kawaida.

(Malaria pia ana mgeni wa namna hii. Ndani yake kuna oganeli iliyobaki kutoka kwa mwani, na asili ya oganeli hiyo ni bakteria. Iligunduliwa miaka ya 1990. Ndiyo inayofanya doksisaiklini, dawa ya bakteria, ifanye kazi kwenye malaria. Mjamzito na mtoto mdogo wasipewe doksi bila daktari, nisinukuliwe vibaya.)

Kwa hiyo ile mipaka niliyoichora juu, chumba kimoja huku na nyumba ya vyumba kule, ina mlango wa nyuma. Ndani ya nyumba yetu anaishi mpangaji wa zamani. Dawa inayopiga ribosomu za bakteria inaweza kumkuta naye.

Na huyu mpangaji anarithiwa kwa mama. Yai limejaa mitokondria kwa maelfu. Mbegu ya baba inazo chache, nazo zinaharibiwa baada ya kuingia. Mitokondria za mwanao ni zako, zako ni za mama yako, za mama yako ni za bibi mzaa mama. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walilinganisha DNA ya mitokondria ya watu 147 wa sehemu mbalimbali za dunia, na walipata nyingi ya sampuli zao kwenye kondo la nyuma, lile tunalolitupa baada ya kujifungua. Wakafuata mstari wa akina mama kurudi nyuma, ukaishia kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika miaka kama 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake, ila ni uzao wake ambao mstari wa binti kwa binti haukukatika.

Miaka sita baadaye, mwaka 1993, watafiti waliofuatilia koo za China na ukoo mmoja wa Waarabu wenye viziwi wengi walipata sababu. Herufi moja tu ilikuwa imebadilika kwenye DNA ya mitokondria, mahali panapotengeneza ribosomu zake. Badiliko hilo linaifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria. Mtu mwenye nalo akichomwa streptomaisini au ndugu yake jentamaisini, hata kwa dozi ya kawaida, seli za ndani ya sikio zinaweza kufa, na hizo zikifa hazioti tena. Wengine pia wanaweza kuumia masikio dozi ikizidi au ikikaa muda mrefu, ndiyo maana tunapima uzito wa mtoto kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba.

Jentamaisini bado tunaitumia pamoja na ampisilini kwa kichanga mwenye mchafuko wa damu, na bila hizo wengi tungewazika. Usiikatae. Wenye badiliko hilo ni wachache. Ila kama kwenu kuna mtu aliyekuwa anasikia vizuri akawa kiziwi baada ya sindano, bibi mzaa mama, mama mdogo, ndugu yako wa tumbo moja, mtoto wa dada yako, sema wodini kabla ya dozi ya kwanza, hata kama hujaulizwa. Taja na dawa yenyewe kama inakumbukwa. Tunayo mengine ya kuchagua. Upande wa baba wa mtoto, kwa hili moja, hatuna haja ya kuuliza.